Muziki wa Harusi ya Warda

Ukunda,
Alhamisi.

Kwako ndugu yangu Mbwana,

Assalaam alaykum. Naomba Mungu barua hii ikukute u mzima, na jua la huko ugenini lisiwe limekukausha zaidi ya ulivyokuwa umekauka ulipoondoka. Sisi huku hatujambo. Mama yangu anakusalimu sana, na anauliza kama unakula vizuri au bado unaishi kwa chai na mkate. Mvua imenyesha kidogo, mihogo imeshika, na njia ya kuingia mtaani kwetu imeharibika kama kawaida yake.

Najua utashangaa kuona karatasi, mimi niliyezoea kukutumia sauti kwenye simu hata kwa jambo la kipuuzi. Ukweli ni kwamba nimekupigia zaidi ya mara moja, na kila ukipokea nakuuliza habari za kazi, tunacheka, kisha nakata. Ulimi unakuwa mzito. Mwenzako Elijah amemaliza likizo na anarudi huko kazini kesho, naye amekubali kunibebea barua hii. Amekwisha kula wali wangu sahani mbili kama nauli yake, kwa hiyo asije akakuambia hajalipwa.

Kwanza narudia kukupa pole. Bi Hafsa alikuwa mama yako wa kukuzaa, lakini mimi pia nilikula kwake tangu sijui kufunga vifungo vya shati, na wewe unajua ni vibao vingapi tulivyokula pamoja kwa kumaliza nazi zake. Najua inakuuma kwamba hukuwapo kumzika. Jeneza nililishika, na kaburini nilishuka kwa niaba yako. Ustadhi alisoma vizuri na watu walikuwa wengi.

Pili, ule ujumbe wako wa sauti niliupata. Ulinishukuru, ukasema nimefanya kazi ya mtoto wa kumzaa kwa kuuzima muziki katikati ya harusi ya watu ili kumpa mama yako heshima yake. Mbwana, kila nikiusikiliza natamani ardhi ipasuke inimeze. Katika ujumbe huohuo ukamlaumu mzee wako. Ulisema amekutia aibu mbele ya Mzee Boga, mtu aliyekudhamini ulipokuwa ukihangaikia safari, na kwamba hutampigia simu mpaka akubali mwenyewe kwamba aliivunja harusi ya Warda kwa chuki ya mbuzi na mihogo. Ndiyo maana naandika. Ngoja nikueleze siku ile ilivyokwenda, maana wewe umeisikia vipandevipande.

Harusi ya Warda binti Boga ilikuwa ya kukata na shoka. Hema lilifunika uwanja wote mpaka kwenye ua wa makuti unaotenganisha nyumba yao na yenu, na spika zangu nilizisimamisha hapohapo uani kwa sababu ndipo palipokuwa na kivuli. Ndoa ilifungwa baada ya adhuhuri, pilau likaliwa, kina mama wakaanza kucheza. Watu wa bwana harusi walikuwa wanatoka Kinango, na gari lao likaharibika njiani. Tukapatana kwamba muziki uendelee mpaka wafike. Mama Warda hakujali kuchelewa. Miaka yote amekuwa akienda kutunza watoto wa wenzake, akiwavisha leso na kuwabandika noti, na siku ile ilikuwa zamu ya wenzake kumtunzia mwanawe mbele ya wakwe.

Hakutunzwa. Kabla ya magharibi muziki ukazimwa ghafla, ikatangazwa kwamba Bi Hafsa wa nyumba ya pili amefariki, na kwamba mumewe, Mzee Chome, anaomba sherehe isimame sasa hivi. Vigelegele viligeuka kilio. Wageni wa Kinango walipofika walikuta viti vimekunjwa, wakamchukua bibi harusi kimyakimya kama watu wanaochukua mzigo uliosahauliwa. Warda alipanda gari analia, na mama yake akabaki amekumbatia leso zake.

Wewe unaujua mtaa wetu. Mazikoni walikuja kwa sababu ni faradhi, lakini hitima ilikuwa na watu wa kuhesabu. Wakaanza kusema kwamba Mzee Chome hakuusahau ule ugomvi wa mbuzi wa Boga kula mihogo yake, na kwamba amemtumia marehemu kulipiza kisasi. Mtu mwenye utu, walisema, angesubiri bibi harusi atolewe, kwani maiti haizikwi usiku ule. Sasa baba yako akikaa kwenye baraza ya kahawa, wenzake wanakumbuka kwamba wana kazi mahali. Akitoa salamu anaitikiwa, basi.

Sasa nafika ninapopaogopa, na nakuomba usiichane karatasi kabla ya kumaliza.

Sisi wapiga muziki wa harusini tuna desturi zetu za malipo, ingawa hazijaandikwa popote. Mteja anatoa arbuni siku ya kupatana, na salio analimaliza kabla ya muziki kuanza, maana baada ya pilau kila mtu huwa na haraka. Harusi ikikatizwa na mvua, na ugomvi wa mashemeji au na msiba, harudishiwi mtu kitu, kwa sababu vyombo vimekwisha kubebwa na siku imekwisha kuuzwa. Lakini DJ akiondoka kwa hiari yake kabla ya wakati, anarudisha sehemu kubwa, na jina lake linachafuka kutoka Likoni mpaka Lungalunga. Wenye haya zao, harusi ikivunjwa na msiba, huacha chochote mkononi mwa wenye nyumba kama ubani. Mimi siku ile sikuacha hata shilingi.

Mbwana, siku ile nilikuwa nimeuza jioni yangu mara mbili. Kulikuwa na sherehe ya kuzaliwa ya mgeni mmoja katika nyumba ya kupanga kule Diani, na nilikwisha pokea arbuni yake. Nilijidanganya kwamba harusi ingeisha mapema. Watu wa Kinango walipochelewa, nikaanza kutazama saa kila mara. Simu ya Diani inalia, huku Mama Warda ananiambia niongeze sauti.

Hapo ndipo baba yako alipokuja. Alipita nyuma ya ua, kwa upande wa spika, ameshika kanzu yake isinase kwenye makuti. Aliniambia mama yako amekata roho muda si mrefu. Akasema anataka kumsomea Yasini, lakini spika imeelekea dirisha la chumba alicholala, naye hajisikii sauti yake mwenyewe. Aliniomba niigeuze tu. Si kuizima, kuigeuza. Akanisisitizia nisimwambie mtu yeyote, hata Mzee Boga, mpaka Warda atolewe, kwa sababu marehemu mwenyewe, alipozidiwa asubuhi ile, alimwapisha kwamba ugonjwa wake usiharibu siku ya mtoto aliyemsuka nywele tangu utotoni. Kisha akarudi ndani kukaa peke yake na maiti ya mkewe, ili jirani zake wacheze.

Nikaigeuza spika. Simu ya Diani ikalia tena. Nikashika maiki.

Ni mimi niliyetangaza. Ni mimi niliyesema kwamba mumewe anaomba sherehe isimame. Hakuniomba hivyo. Maneno yale niliyatunga pale pale, kwa sauti ya huzuni, na kusema kweli yalinitoka vizuri. Wazee wakanipa mkono kwa ucha Mungu wangu. Nikafungasha vyombo na kwenda Diani, nikapiga muziki huko huku mama yako hajakoshwa. Nililipwa kote kuwili, kamili.

Nimeona haya nyingi maishani, nyingine tumeziona pamoja, lakini hii hainitoki mwilini hata nikioga. Nilidhani maneno ya watu yatapoa. Uliponitumia ule ujumbe wa kumlaumu mzee, nikajua nimekula watu wawili, yeye na wewe.

Juzi nilikwenda kwenu. Nilimkuta anapepeta mchele mwenyewe, na hajui kupepeta. Nikamwambia yote, nikilia kama mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema alijua tangu neno la kwanza lilipotoka kwenye spika, kwa sababu msiba ule alikuwa amenieleza mimi peke yangu. Nikamuuliza kwa nini basi amekubali watu wamtenge. Akasema jioni ile watoto wa Boga walikuwa na hasira, wangenivunja mimi pamoja na vyombo vyangu, na mama yangu anakula kwa vyombo hivyo. Baadaye, akasema, ilikuwa imeshakuwa, na yeye ni mtu mzima, kunyimwa salamu hakumuui.

Nikamuuliza mbona wewe, mwanawe wa kumzaa, hakukuambia. Akaendelea na ungo wake. Mwishowe akasema kwamba wewe uko mbali, umefiwa na mama, na huku nyumbani rafiki wa kweli unaye mmoja. Hakutaka kukunyang'anya na huyo. Akasema alikuwa akikungoja tu hasira zikuishe, na kila simu ikilia anaifuata mbio, anakuta ni watu wa mtandao wanaomwambia ajisajili kushinda pikipiki.

Mbwana, kesho baada ya sala ya Ijumaa nitasimama mbele ya Mzee Boga na wanaume wote wa mtaa niwaambie nilichokuambia hapa. Baba yako alinikataza, nami kwa hili sitamtii. Fedha ya Boga nimeiweka kwenye bahasha, na watakalonifanyia na wanifanyie. Mama yangu bado hajui. Nitamwambia leo baada ya kumkabidhi Elijah barua hii.

Sikuombi unisamehe kwa sasa. Ombi langu ni dogo: ukifika hapa, weka karatasi chini umpigie baba yako. Usimwambie kwamba nimeandika, mwambie tu ulitaka kumjulia hali. Mimi usinipigie mpaka utakapotaka, na usipotaka nitaelewa.

Nisalimie wenzako wote wa huko. Mungu akulinde, akuhifadhie kazi yako, na amlaze Bi Hafsa mahali pema. Barua zetu za shuleni nilikuwa nikimalizia kwa kuandika "rafiki yako". Leo neno hilo nakuachia wewe uamue.

Ni mimi,
Swabir