Binti Yako Amezama Tena

Mwanangu,

Jirani ndiye anayeandika, lakini maneno ni yangu. Uliniagiza nimzuie binti yako asipige mbizi tena. Sikumzuia. Tangu hewa ilipomwishia chini ya maji, hata ufukweni alikuwa hakanyagi, basi jana nilipanda naye boti mpaka visiwani, akajikumbushe na mwalimu wake.

Walizama. Nikayakodolea macho mapovu.

"Bibi, mapovu ndiyo pumzi zao," nahodha akaniambia.

Mara yakakatika. Nikamkaba nahodha shati. Kumbe mjukuu wangu ameibukia upande wa pili, kamasi tele, anacheka.

"Bibi, narudi chini."

"Futa pua kwanza."

Akarudi.

Mpigie simu leo. Usimgombeze, muulize ameona nini huko.

Ni mimi mama yako, mkaidi kama unavyonijua.