Nimemwangusha Mnene wa Marehemu Mume Wangu

Mshauri wangu mpendwa, naomba unishike mkono maana nimefanya jambo na sijui nitamtazamaje mwanangu usoni. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea kuandika nisamehe, na kama utacheka, cheka kwanza halafu ndiyo unijibu.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, na jioni akishanawa grisi anakaa kwenye kompyuta yetu ya chogo, ile ya zamani yenye kisogo kikubwa, pale sebuleni anarusha ndege za vita, siyo za kweli, za mchezo, lakini zina kila kitu, ukipigwa tangi mafuta yanavuja na ukipigwa bawa ndege inaegemea upande, na yeye na mwanetu wa kwanza walikuwa wanabishana mpaka chai inapoa, ndege gani ngumu kuliko zote. Mwanangu alikuwa na yake ya Warusi, anasema rubani amekaa kwenye beseni la chuma, risasi zinagonga zinadunda. Baba yake alikuwa na moja ya Wamarekani, ina tumbo kubwa na injini ya duara, tukaiita Mnene. Alikuwa akimwambia, "Hizo nyembamba zenu zinapozwa kwa maji, risasi moja kwenye rejeta umekwisha. Mnene anapozwa na upepo. Mtoboe utakavyo, atakufikisha nyumbani huku anakohoa."

Na kweli alikuwa anarudi. Akishatua, mume wangu anaizungukia ile ndege kwenye kioo kama gari lililoletwa gereji, anahesabu matundu, ananitajia na mimi naandika kwenye daftari: bawa la kushoto matundu kumi na manne, mkia umechanika, silinda moja imekufa, imerudi. Mwandiko wangu ulinyookea hapo, mshauri, darasani ulikuwa kama kuku kapita. Na kila magurudumu yakigusa chini yeye husema, "Tumerudi, mama watoto," na mimi popote nilipo, hata kama niko jikoni mikono ina sabuni, husema, "Karibuni."

Safari mia moja tisini na tisa, rubani yule yule aliyempa jina lake mwenyewe, hakufa hata mara moja. Ya mia mbili hakuiwahi, ugonjwa ulimwahi yeye. Mwanangu siku hizi yuko mbali, ni fundi wa majokofu, akaniambia mama usiiguse hiyo kompyuta, nikija likizo, hiyo safari ya mia mbili nitairusha mimi kwa ajili ya baba, halafu tuifunge.

Sasa Jumamosi nilikuwa nafuta vumbi, nikaiwasha nisikie ule mngurumo tu, maana nyumba imekuwa kimya mno, nikabonyeza pale alipokuwa akibonyeza nikajikuta niko angani. Miaka kumi na moja nilikuwa namtazama, kushika ile fimbo ya kuongozea ndege najua. Wakanipiga. Mafuta yakatapakaa kioo chote cha mbele, silinda sijui ngapi zikafa, na Mnene anaenda tu, anakohoa anaenda, mpaka nikauona uwanja, nikashuka, nikashuka, na pale karibu kabisa furaha ikanishika, nikaachia fimbo nikapiga makofi nikasema "Karibuni" kabla magurudumu hayajagusa. Pua ikachimba ardhi. Jina la mume wangu likageuka rangi ya majivu, na pembeni yake likatokea neno ambalo hata mimi wa darasa la nne nalijua.

Nimelia kama siku ile ya kwanza. Fundi simu wa mtaani anasema anaweza kuingia ndani ya kompyuta alirudishe jina, mwanangu hatajua. Na jana mwanangu kanipigia, akauliza, "Mnene mzima?" nikamjibu mzima. Anakuja wiki ijayo. Nimwite huyo fundi, au niseme? Naogopa ataona nimemuua baba yake mara ya pili.

Mama wa Daftari

*

Mama wa Daftari, pole. Nilicheka ulipofika kwenye makofi, halafu ikabidi niiweke kalamu chini kwa muda.

Sasa nikugombeze. Uliambiwa usiguse, ukagusa. Hilo dogo, mjane kutafuta sauti ya mumewe si kosa la kukosesha usingizi. Kubwa ni hilo "mzima" lako. Uliishi na fundi aliyesoma kila tundu kwa sauti, hakuficha hata mkwaruzo, leo unataka kupaka rangi juu ya kutu? Mwanao naye ni fundi. Siku akigundua, ndege ataisahau, ila hilo neno moja la kwenye simu hatalisahau.

Na hayo ya kumuua baba yake mara ya pili yatoe kichwani. Mumeo hakuwahi kuruka peke yake, mama. Yeye alishika fimbo, wewe ukashika "Karibuni". Jumamosi ulilazimika kushika vyote viwili, mikono ikapungua. Basi.

Leo hii, siyo kesho, fungua daftari. Andika safari ya mia mbili kama ulivyoandika zile nyingine: mafuta, silinda, matundu, usipunguze hata moja. Pale mlipozoea kuandika "imerudi", andika kilichotokea. Kwenye rubani weka jina lako. Kisha mpigie mwanao umsomee ukurasa mzima, umwambie na la jana kwamba ulimdanganya. Omba radhi mara moja, usiombe mara mia. Akinyamaza, mwache anyamaze, usikate simu. Huyo fundi simu mwambie akatengeneze simu.

Na mwanao akija, msifunge kitu. Aandikishe rubani mpya, akae kwenye kiti cha baba yake, achague hata hilo beseni lake la Warusi. Wewe nenda jikoni ukaoshe vyombo, uache mlango wazi. Na safari hii, mama, usifungue mdomo mpaka usikie magurudumu yamegusa chini.