Gagulo la Marehemu Katika Sanduku la Zaituni

Nyie wanawake mliopiga vigelegele leo ukumbini kwangu kabla hamjageuza hata nguo moja ndani nje, hamna haya. Na wa kwanza ni wewe Mwanajuma, mwanangu wa kumzaa mwenyewe. Sanduku halijafunguka vizuri, mdomo wako ushafunguka.

Leo Jumanne. Manyunyu tangu alfajiri, nguo hazikauki, na moyo wangu umechafuka kuliko njia za Ngamiani.

Watu wa Athumani wamekuja kutoka Mabawa na sanduku la harusi la mjukuu wangu Zaituni. Ndoa ni Ijumaa. Aliyelileta ni shangazi yake bwana harusi, Bi Rukia, mwanamke wa maneno mengi na manukato mengi. Akawa anatoa kimoja kimoja, anapunga juu watu waone: kanga, viatu, sabuni za kunukia, halafu gagulo jeupe la lesi.

"Hili halijaguswa na maji," anasema. "Limetoka dukani juzi."

Wakashangilia. Mie nikanyoosha mkono: lete.

Sikusoma zaidi ya chuo cha Kurani na herufi hizi alizonifundisha mume wangu, Mungu amrehemu, lakini nguo naijua. Nikalinusa. Chini ya manukato lilinuka nguo iliyofungiwa ikasahauliwa. Palipokunjwa pamepiga umanjano. Nikavuta mpira wa kiunoni, ukanyooka, haukurudi.

Lakini mpira hata dukani hufa, na sikutaka kumsingizia mtu. Nikaligeuza.

Ndani ya kiuno, pale mpira unapopita, fundi ameshonea ukanda wa kanga. Ile ya mabibo mekundu katikati ya weusi. Ilitoka wakati wa vile vita vikuu vya pili, nguo zikiwa adimu, tukipanga mstari dukani kwa Mhindi, na Zaituni nikimbeba mgongoni kwa kanga hiyo hiyo, ndiyo kwanza anasimama dede. Leo ana miaka kumi na minane. Baada ya hapo haikuletwa tena. Na ukanda wenyewe rangi bado kali, maana ulikatwa kanga ikiwa mpya. Nani akate kanga mpya aifiche ndani ya gagulo? Ni mtu wa mwaka ule tu, bitana haipatikani na harusi imefika.

Gagulo hili lina umri wa bibi harusi.

Na ni katika vita hivyo hivyo Athumani alimuoa mke wake wa kwanza, mtoto wa Ushongo, aliyefariki mwaka juzi. Pilau ya harusi ile niliila.

"Rukia," nikamwambia, hiyo Bi nikaiacha, "hili la nani?"

Akatazama mkeka. "La marehemu, bibi. Lakini hakulivaa sana."

Hakulivaa sana! Kwani nimeuliza alilivaa mara ngapi?

Nguo ya ndani ya mtu aliyekwisha kuzikwa, wameifua, wameipiga pasi, wameitia manukato, wamekuja kumvisha mtoto wangu. Na nguo za marehemu zina wenyewe. Mama yake mzazi yu hai huko Ushongo, hata kitambaa cha kichwa hakupelekewa. Uchafu wa namna hii hautoki kwa sabuni.

Mwanajuma akanivuta jikoni. "Mama, nyamaza basi. Mchele ushanunuliwa, watu washaalikwa. Gagulo huvaliwa ndani, nani ataliona?"

"Ataliona mumewe," nikamjibu. "Na alishaliona."

Kumbe Zaituni yuko mlangoni, kasikia yote. Hakulia. Akauliza jambo moja tu: "Bibi, Athumani anajua?"

Swali hilo limenikaa. Sanduku hupangwa na wanawake, huenda mwanamume hata hakulichungulia. Na mtoto anampenda, naliona hilo, sina haja ya kuambiwa. Lakini akiingia nyumba ile kwa kunyamaza, atavaa masalio ya watu mpaka afe.

Basi Mwanajuma, nimekwambia kwa mdomo, na hapa naandika usije ukasema hukusikia. Kesho ukimaliza sala ya alfajiri, nenda Mabawa. Usimwite Rukia, usimwite mshenga, mlete Athumani mwenyewe. Mchele usichaguliwe, mbuzi asichinjwe. Nitamfunulia gagulo hilo mbele ya Zaituni, nimtazame usoni. Akiwa alijua, hana mke hapa. Akiwa hakujua, alibebe mwenyewe mpaka Ushongo kwa mama wa marehemu, pamoja na kila kitambaa cha yule mwanamke kilichobaki kwao, akaombe radhi. Na kabla hajarudi kutoka huko, mtu yeyote asimpake Zaituni hina.