Msalaba Wako Umepakwa Hadi Mgongoni

Sabasi, rafiki yangu,

Nimeianza barua hii mara kadhaa nikakwama kwenye salamu. Marehemu huwezi kumwuliza habari za tangu juzi. Basi nikupe za huku. Upepo wa kiangazi umerudi, ule uliokuwa ukiutukana kila asubuhi ukifungua karakana. Unazoa vumbi la barabara na kulibandika kwenye rangi mbichi, na bati moja la jirani yetu muuza mbao limeshakwenda zake. Baridi nayo haina huruma. Nimevaa sweta mbili na bado natetemeka, nawe hupo wa kunicheka: "Masanja, rudi bondeni kwa ng'ombe wenu, Sumbawanga haikutaki." Sikurudi. Mashine yangu ya kukereza iko pale pale mlangoni, na upande wako wa rangi nimeuacha ulivyouacha. Koti lako bado liko kwenye msumari, na madoa yake ya rangi za nusu ya mageti ya mji huu.

Nimekukumbuka mno. Niseme hivyo kwanza, nisije nikajifanya nakuandikia habari za kazi tu.

Lakini za kazi nazo zipo, na ni kubwa. Kile kikombe chetu kimekubali.

Unakumbuka siku ulipokuja upande wangu na pistoni chakavu ya lori, ukanitaka niikereze kuwa kikombe? Nikakuuliza, cha chai au cha uji? Ukachuchumaa, ukanichorea kwa chaki sakafuni ulichokiona kwenye kiwanda cha vitanda vya chuma, kule Dar ulikofanya kibarua ukiwa kijana. Kikombe chenye mdomo mpana, kinazunguka kwa kasi hata huoni kama kinazunguka. Rangi inaingia katikati kwa bomba jembamba, inatambaa kwenye ukuta wa ndani hadi ukingoni, na pale ukingoni inarushwa na kukatikakatika kuwa ukungu. Ukungu huo umepewa umeme, kwa hiyo kila tone linamkimbia mwenzake na yote yanatafuta chuma. Yakikosa nafasi mbele ya chuma, yanazunguka nyuma. Ulipofika hapo ulisimama na macho yakakung'aa. Ulisema, "Masanja, linapaka mgongo lenyewe!"

Wewe na migongo yako. Mtu akisifiwa kwa geti zuri, wewe hukusifu wala hukuponda. Ulikuwa unasema tu, "Nionyeshe mgongo wake," halafu unazunguka nyuma na kuinama mpaka kwenye bawaba. Mafundi wenzako walikuwa wakikuona unakuja wanaegemeza kazi zao ukutani.

Mimi nilidhani unataka urembo. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba ulikuwa ukitafuta pumzi. Bunduki ya kawaida ikipuliza rangi kwenye grili ya dirisha, chuma kinapata kidogo, nyingine inapita katikati ya nondo na kwenda na upepo, na inayobaki ilikuwa inaingia kifuani mwako. Kitambaa chako cha puani kikifuliwa, maji yalikuwa yanatoka na rangi ya siku ile. Ulikuwa ukikohoa huku unacheka, ukisema ukifa tukuuze kama kopo la rangi. Sikuupenda utani ule hata siku moja.

Tulihangaika, lakini tulifurahi. Kikombe cha kwanza kilikuwa kizito upande mmoja, kikatetemeka mpaka kikaruka na kutoboa ndoo. Cha pili kilizunguka vizuri ila ukingo wake ulikuwa laini mno, rangi ikatoka kwa mafungu, grili ikawa na matone kama mtu mwenye tetekuwanga. Ukaniambia nichonge mikato midogo ukingoni, kama ile ya pembeni mwa sarafu, ili rangi itoke kama nyuzi nyembamba kabla ya kukatika. Nikachonga na macho yakaniuma wiki nzima. Umeme wewe mwenyewe uliutoa kwenye televisheni ya kichogo, na ili usirudi kwenye mota ukakataa mota ya umeme kabisa, ukakizungusha kikombe kwa upepo wa kompresa. Siku ile cheche ya kwanza ilipolia, yule mama wa chapati alisimamisha kazi. Mpaka leo anawaambia wateja kwamba palikuwa na Mfipa hapa aliyefuga radi kwenye kikombe. Na wewe badala ya kukanusha ulikuwa unamwuliza kama ana adui.

Na ile nondo yako ya ethi nje ya mlango! Ulieleza kila siku: chuma kinachopakwa lazima kiunganishwe kwa waya na ardhi, la sivyo umeme hauna pa kwenda na rangi inakikataa. Na kiangazi udongo wa hapa unakauka hadi unalia, hivyo kila asubuhi ulikuwa unachota maji kwa kopo na kuimwagia ile nondo kabla hata ya kunywa chai. Wapita njia wakadhani unatambika. Wakikuuliza, unajibu kwa uso mkavu: "Nawanywesha wazee."

Tulipokwama unapajua. Kikombe kinarusha rangi kandokando, kama mbwa aliyelowa anavyojikung'uta, wakati grili iko mbele. Ukaagiza pete yenye mashimo madogo ikae nyuma ya kikombe, ipulize upepo wa kuusukuma ukungu mbele. Tulitoboa pete, na nyingine, na nyingine, mashimo yote yamenyooka, ukungu bado unatoroka pembeni na kupaka kuta. Halafu ukaugua. Siku ya mwisho niliyokuona hospitali, sauti ilikuwa imebaki ya kunong'ona, na hukuniuliza habari za mke wangu wala watoto. Uliuliza, "Pete imefika wapi?" Nikajibu bado. Ukafumba macho ukasema, "Usiiache."

Sabasi, niliiacha. Baada ya mazishi sikuweza hata kuvuka kwenda upande wako wa karakana. Mvua zimenyesha, watu wamevuna ulezi, mimi nakereza bushi za mikokoteni na kurudi nyumbani. Kilichonirudisha ni mama yako. Alikuja na gari la asubuhi kutoka kwenu Msanzi, nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye kigoda chako akatazama koti muda mrefu. Akaniambia kumbukumbu ya mwaka inakaribia na kaburi lako bado lina ule msalaba wa mti, umeshaanza kupinda. Anataka wa chuma, wenye maua, rangi ya buluu kama ya geti la nyumbani. "Na upakwe kwa mashine yake," akasema. "Si kwa brashi."

Ningemwambiaje kwamba mashine yenyewe haikuwahi kupaka kitu kikamilifu?

Nikairudia pete. Nilitoboa nikiwa na haraka na hasira, na meza ya kutobolea ilikuwa imelegea bila mimi kujua, ikainama upande. Nilipomaliza nikaona mashimo yote yamelala, kila moja limeinama vile vile. Nilitaka kuitupa. Ila aluminiamu ilikuwa imeniishia, nikaifunga hivyo hivyo nione itaharibu kiasi gani. Kumbe yalikuwa yameinama kinyume na mzunguko wa kikombe. Nikafungua upepo, nikafungua rangi, na ule ukungu uliotutesa ukajikusanya mbele ya macho yangu, ukatulia, ukaenda mbele wote kwa pamoja. Niligeuka kukuita. Mdomo ulishafunguka, "Saba..." Nikaona koti.

Nilikaa juu ya ndoo ya rangi nikalia kwa sauti, mwanaume mzima, mpaka mama wa chapati akaja kuchungulia. Hakuna mtu mwingine katika mji huu ambaye ningemwambia "mashimo yamelala" akaelewa kwa nini ninalia.

Sasa sikiliza ujinga wangu, maana huu ungekuchekesha. Msalaba niliuchomelea mwenyewe, na mama alinipa sharti moja. Nisiuweke chini. Ukilala chini kabla ya kusimama kaburini, alisema, kwake ni kama wewe umekufa mara mbili. Mimi mtoto wa Kisukuma nitajuaje mambo ya nyumba yenu? Nikaogopa kupunguza, nikazidisha. Niliuchomelea ukiwa umeegemea juu ya mapipa, nikaupiga msasa ukiwa mapajani mwangu. Siku ya rangi mama akaja kushuhudia, nami nikauning'iniza kwenye boriti kwa kamba ya manila, unabembea hewani safi kabisa. Nikauchukua waya wa ethi niubane kwenye mguu wa msalaba, nikasita. Waya unaingia ardhini. Si ndiyo kuugusisha chini? Nikamtazama mama, nikauweka waya pembeni.

Unajua kilichotokea. Nimekusikia ukicheka.

Rangi ilienda mbele kidogo, ikaufikia msalaba, ikaukataa, ikageuka. Ikatafuta kitu kingine kilichosimama ardhini, na aliyesimama ardhini ni mimi. Ilinijia usoni, kwenye nyusi, kwenye ndevu, kwenye sweta zote mbili. Nilipozima mashine nilikuwa buluu mpaka masikioni, na msalaba una madoa mawili matatu ya kunionea huruma. Na mama yako, ambaye tangu mazishi sijaona meno yake, alishika mbavu akacheka mpaka akaegemea ukuta. Akacheka, akafuta machozi kwa kanga, akanitazama tena, akaanza upya. Na mimi nikacheka. Halafu sote wawili tukaligeukia koti lako kwa pamoja, maana kilikuwa kicheko chako kile, na mwenyewe hukuwepo.

Nikamweleza polepole. Kwamba mashine yako haipaki kitu kisichoshikana na ardhi. Kwamba ni waya tu, mwembamba, lakini kama hataki nitachukua brashi na sitasikitika. Nilikuwa nasema uongo hapo mwisho, ningesikitika maisha yangu yote. Mama alitazama msalaba, akatazama ile nondo nje ya mlango. Akasema, "Masanja mwanangu, mwenyewe yuko ardhini. Msalaba wake unaogopa nini?"

Nikaugusa kwanza msalaba kwa ile fimbo yako yenye waya wa kwenda ardhini, ili umeme uliobaki utoke, kama ulivyonifundisha kwa makelele, kisha nikabana ethi. Nilipoinuka mama hakuwa nyuma yangu. Alikuwa nje, amechota maji kwa kopo lako, anaimwagia nondo. Sikumwambia mimi. Alisema ulimsimulia siku moja mkila ugali, na alikuwa akidhani unamtania.

Nikawasha. Kikombe kikapanda sauti, ule mluzi uliokuwa unauigiza, na ukungu ukatoka. Sabasi, ulienda kama umeitwa kwa jina. Ukaukumbatia ule msalaba mbele na kando, ukaingia katikati ya majani ya yale maua ambapo hata ncha ya brashi haifiki, na nyuma yake ukutani sikuona tone. Sikukohoa hata mara moja. Hapo ndipo moyo uliponiuma zaidi, kwamba hewa ilikuwa safi na kifua chako hakipo cha kuivuta.

Nilipozima, mama alisogea, mikono ameifunga nyuma asije akagusa rangi mbichi. Nikasubiri aseme umependeza. Akaniambia, "Haya. Nionyeshe mgongo wake."

Alizunguka mwenyewe. Akainama, akatazama kila ua, kila ungio, mpaka chini kwenye mguu utakaozikwa ambao hakuna mtu atakayeuona. Alikaa huko nyuma kwa muda, nami nikabaki nimeshika bomba la rangi kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Kisha akasema, "Imefika kote."

Jumamosi tunakuja. Tutauleta kwenye pikapu ukiwa umening'inia kwa kamba vile vile, hautalala chini. Utasimama moja kwa moja pale ulipo. Upepo wa huko kwenu utaurushia vumbi, lakini rangi itakuwa imekauka, utaupiga bure.

Pumzika, ndugu yangu. Usiangalie kazi tena, nimeishika. Nakuahidi hakuna mtu atakayeipumua rangi ndani ya karakana hii, mimi wala atakayenifuata, na hakitatoka kitu mlangoni kabla sijakizunguka nyuma nikainama kama wewe. Koti lako sitalishusha.

Ile nondo nayo naimwagia maji kila asubuhi kabla ya chai. Watu wameshaanza kuuliza kama na Wasukuma siku hizi wanatambika. Nawajibu kwa uso mkavu kwamba namnywesha Sabasi.

Kunywa, rafiki yangu.

Ni mimi,
Masanja