Msamaha na Cherehani ya Bi Riziki

Doha, 20 Januari 2014

Baba Nuru mpenzi,

Pokea salamu nyingi kama nguo zinazonisubiri nizipige pasi. Mimi mzima, miguu tu ndiyo inavimba. Mama kanipigia kuwa umetoka jela kwa msamaha wa Mapinduzi. Nililia mpaka mtoto wa hapa kazini akaniletea tishu.

Anasema unataka akukabidhi Nuru. Ngoja kwanza, mume wangu.

Madamu wangu Mwingereza ana karatasi kuukuu ukutani, ndani ya fremu, naifuta vumbi kila asubuhi. Juzi nikamuuliza ni ya nini.

"Msamaha wa mwaka 1811," akasema. "Mfalme wetu alimsamehe mwizi wa kondoo."

Akanionesha jina la mwizi na jina la mfalme. Nikauliza, "Na mwenye kondoo je?"

Akacheka. "Saada nawe! Nani anamjua huyo?"

Mimi sikucheka. Nilimkumbuka Bi Riziki, anashona kwa mkono tangu umwibie cherehani. Serikali imekusamehe, lakini yeye hujamwomba radhi.

Nenda kwake mwenyewe, usitume mtu. Akikufukuza, rudi kesho yake. Akikuridhia, mwombe ampigie Mama, na siku hiyo hiyo Nuru atalala kwako.

Nakupenda, sikufichi. Ila nataka mwanangu apite mlangoni kwa Bi Riziki kakushika mkono, na nyote wawili mtoe salamu.

Mkeo,
Saada