Nne juu ya Kumi

Yaya wangu mpenzi, dada yangu mkubwa,

Ile barua yako ya kwanza ilinifikia hapa Cimpunda imefungwa kwenye shingo ya bidoni ya mafuta ya mawese. Shofere wa gari la Kamituga akaniambia, "Yaya yako ameandika yeye mwenyewe." Nikacheka. Kumbe kweli! Wewe, mwenye wajukuu, unayeuza maharagwe sokoni Kamituga tangu asubuhi, umekaa darasani parokiani na wanawake wenzako mpaka ukajua kuandika.

Na mimi nikafanya nini? Mwalimu mzima! Nilikuwa nasahihisha kaye, madaftari ya wanafunzi, nikaivuta na barua yako, nikaijaza mistari myekundu, nikaweka na pointi juu kama mtihani: nne juu ya kumi. Nikairudisha kwa shofere yuleyule, eti nakusaidia. Aa, yaya, mkono ule ungekatika.

Miezi mitatu hukuandika. Kwenye simu ulinisalimia tu, ukauliza watoto, basi. Hapo nikaanza kukumbuka siku zile baba alipofariki, ikawa mmoja wetu tu ataendelea na shule. Ulimwambia maman, "Mimi masomo imenichosha. Mutume huyu mudogo." Muongo wee! Jioni nikisoma kwa sauti ulikuja kukaa karibu yangu na sahani ya kuosha, midomo yako ikifuata yangu. Niliiona, nikanyamaza, maana nilitaka shule. Hata biki, kalamu niliyoandikia, ilikuwa yako.

Juma lililopita shofere akaleta ya pili. "Mudogo, nimepata ine? Mwaka jana ningepata zero! Nimeonyesha bamama wote, bamepiga makofi. Nimekawia juu nilitaka hii ikuwe kurasa mbili."

Kurasa mbili, yaya! Nilizisoma mbele ya wanafunzi wangu nikashindwa kuzuia machozi. Sijui kama ulilia kwanza ulipoona wino wangu. Nakujua, hutaniambia kamwe.

Hapa mtaani wananiita Maman Mwalimu na mimi naitika. Lakini mtu ninayemstaajabia ninaye tangu utoto, na sijawahi kumwambia. Nisamehe.

Barua hii sikuirudia kuisoma. Ndani ya bahasha nimekuwekea biki nyekundu. Soma polepole, unipe pointi zangu, na usinihurumie.

Mudogo wako,
niliyesoma mahali pako.