Idhini ya Rukaiya

Chanika, Jumapili

Mdogo wangu Mwanabaraka,

Assalaam alaykum. Sie wazima. Mihogo imekubali mwaka huu, na ule ukuta wa uani hatimaye nimeupiga lipu.

Binti yangu Rukaiya ameolewa jana. Najua kadi ilikufika huko Lindi, na najua kwa nini hukuja.

Shehe alinituma chumbani kuchukua idhini yake. Nikamuuliza, akainamisha kichwa, kimya. Shahidi akaninong'oneza, "Bikira akinyamaza ameridhia, mzee. Twende." Ndivyo tulivyofundishwa, lakini miguu ilikataa. Nikamwambia mwanangu sitoki mpaka nisikie sauti yake. Akainua uso, akacheka. "Nimekubali, baba. Nampenda." Nikalia pale pale. Watu wakadhani ni furaha.

Nilikuwa nakuona wewe, umekaa kitandani kule Chang'ombe siku ya ndoa yako, na umri huohuo wa Rukaiya. Baba alishafariki, mie ndiye walii wako, na chumbani niliingia peke yangu. Ukaishi na yule mwanamume miaka kumi na moja. Kila ulipokuja kushtaki, nilikujibu mbele ya wazee kwamba ulipoulizwa hukukataa, nawe ukainama ukajifuta macho kwa mtandio.

Siku ile hukunyamaza, Mwana. Ulisema, "Kaka, sitaki." Ulisema mara mbili. Mie ndiye niliyetoka nikamwambia shehe kwamba umenyamaza.

Kesho naenda kuwaambia wazee.

Kaka yako,
Khalfani